Mapigo Matano

Miaka ishirini na sita nimepiga muziki uleule wa kuingilia,
kila Jumamosi, kila bibi arusi,
tarumbeta za kinanda zikipayuka kama mnada wa ng'ombe.
Nikiulizwa nafanya kazi gani, hujibu:
nafungulia watu mlango kwa vidole.

Neža alikuja Jumanne, theluji begani,
akapanda hadi kanisani kwetu juu ya mto Sora,
akakaa kwenye benchi la wanakwaya bila kuvua glavu.
"Sitaki ule," akasema. "Ule unanikimbiza."
Sikumwelewa. Nikamwambia atembee.

Akatembea, kutoka mlangoni hadi altareni,
hatua sitini na moja, nami huku juu nikihesabu:
kulia, kushoto, kisha kitambo,
mguu ule uliosagwa na mashine ya kiwanda cha mbao
ukiomba ruhusa ya kwenda.
Moja mbili. Moja mbili tatu.
Moja mbili. Moja mbili tatu.

Nikajaribu hiki na kile.
Mapigo manne yalimburuta kama mbwa aliyebanwa na haja.
Matatu yalimzungusha, akashika nguzo, akacheka.
Kuna kipande kitamu cha fidla mbili na selo,
wenye fedha hukipenda; ni kizuri, sikatai,
ila mji mzima umekisikia kwenye simu
ukisubiri kujibiwa na benki.

Mama mkwe mtarajiwa, bibi Ljudmila, akanipigia:
"Bila tarumbeta, watu watajuaje kwamba bibi arusi ameingia?"
"Watageuka, mama," nikamjibu. "Wana shingo."

Alhamisi nikafungua kabati la sakristia.
Chini ya rejesta za ubatizo, karatasi nne
zimegandana kwa nta. Hazina jina la mtunzi.
Noti zimeandikwa na mkono uliokuwa ukisikia baridi.
Nikahesabu: tano. Nikahesabu tena kwa ncha ya kalamu: tano.
Na pembeni, kwa wino uliogeuka rangi ya chai:
"Polepole. Padre anaumwa nyonga."

Nilicheka peke yangu, mle mwenye harufu ya panya na ubani.
Mtu fulani, sijui karne ipi, alikaa kwenye kiti changu,
akamtazama mzee akijikokota na chetezo,
na badala ya kumsubiri
akamshonea muziki kwa kipimo chake,
kama fundi anayejua bega moja limeshuka.

Jumamosi. Baridi imeteremsha sauti za mabomba,
moja lina mafua, linakoroma.
Tilen yuko mbele ndani ya suti ya kaka yake, anatafuna mdomo.
Kwenye kioo cha pikipiki nilichokifunga juu ya funguo
naona mlango, kitambaa cheupe,
viatu vya kamba.

Moja mbili.
Mguu wangu juu ya kanyagio.
Moja mbili tatu.
Wageni wanautafuta mdundo kwa vidole vya miguu, wanaukosa,
wanaacha kuutafuta.
Wimbo ndio unaochechemea.
Yeye amenyooka ndani yake.

Bibi Ljudmila amegeuka. Ana shingo.

Hatua ya arobaini, akasimama.
Labda alimwona mtu. Labda mguu.
Nikaishikilia noti ile, moja tu, nyembamba,
ndefu kuliko ilivyoandikwa,
mpaka akawa tayari.

Jioni, kabla ya kuzirudisha karatasi kabatini,
nilichonga penseli, nikaandika chini ya ule wino wa chai:
"Hapa ngoja kidogo. Neža alipumzika."